Sindano Niliyoiweka Kabatini

Mwanangu Zaina,

Salamu ndefu za kwenye barua naziruka. Tumeamkiana leo asubuhi, umenipikia chai, na sanduku lako la bati liko hapa mlangoni kwangu nalitazama. Umekwenda kumuaga bibi yako, na namjua, hakuachi mpaka umekula mara mbili, kwa hiyo nina alasiri nzima ya kuandika. Barua hii nitaiweka juu kabisa ya nguo zako na nitakuomba usiisome mpaka basi liwe limetoka Handeni. Najua utaisoma stendi. Basi isome, ila isome mpaka mwisho.

Mambo ya kuamka mapema, ya kufua, ya kuchagua marafiki huko chuoni, hayo sitayagusa. Una miaka ishirini na hayo nimekuimbia tangu ulipoanza kuvaa sare. Nimekaa kuandika kwa sababu ya kitu nilichokiona asubuhi nilipokuwa nakukunjia nguo upya, maana wewe kukunja nguo hukujaliwa. Chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka, chini ya yale magauni mawili ya kushonesha, nimekuta sindano zako. Zote mbili. Umezifunga kwenye kitambaa kipya cha kichwa, umepiga fundo mara mbili, ukatia ndani ya kopo la maziwa na kufunga mfuniko. Nikakuuliza mbona umezizika huku. Ukacheka, ukanijibu, "Nazitunza mama, zisije zikaharibika."

Nikatoka nje nikasema nakwenda kutazama kuku. Sikwenda kutazama kuku. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yako. Neno hilo la kutunza umelitoa kwangu, kama ulivyotoa kwangu kidevu hiki na ubishi huu. Na mimi kutunza kwangu kulimuua baba yako.

Sasa nimeshaliandika. Miaka kumi na moja nimelibeba na leo nimelishusha mbele yako, na huna budi kulisoma, kwa sababu wewe una ugonjwa ule ule aliokuwa nao yeye, na unakwenda mahali ambapo mimi sitakuwepo.

Nikueleze kwanza nilikuwa mtu wa namna gani. Niliolewa miaka ile ambayo duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuza duka, basi. Sabuni ilikuja kwa orodha. Khanga ulipanga foleni tangu alfajiri, na ukifika dirishani unaambiwa zimekwisha. Siku ya harusi yangu mtu mmoja alinizawadia kipande cha sabuni ya kunukia, na mimi nikakiweka kabatini kwa ajili ya siku kubwa. Siku kubwa gani, sijui. Nilijifungua mtoto wa kwanza, akafariki mchanga, nikajifungua wewe, sabuni bado iko kabatini. Nilipokuja kuifungua ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na haikunuka chochote. Kuna glasi pale, zamani zilikuwa sita, unazijua, hujawahi kunywea hata moja. Ndivyo tulivyokuwa wanawake wa rika langu. Kitu kizuri hakitumiki, kinafungiwa.

Kisha ikaja ruksa. Watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa zao na kuuza wanavyotaka, na sokoni Handeni mitumba ikamwagwa chini juu ya maturubai, redio zikapangwa, sabuni za kila rangi zikajaa. Mkabala na stendi likafunguliwa duka la dawa la mtu binafsi, na huko zahanati tukaanza kuambiwa tuchangie matibabu. Dunia yote ilibadilika, lakini mimi ufunguo wa kabati niliendelea kuufunga kwenye pindo la khanga.

Baba yako, kama unavyokumbuka, alikuwa mtu wa mizinga. Alianza kurina asali akiwa kijana, na nyuki walimuuma mpaka akawa hawatilii maanani. Walimvimbisha kidogo, akapaka mate, akaendelea na kazi. Ndiyo maana mwaka ule alipopeleka asali Bungu, akaumwa na nyuki wawili waliokuwa wamefuata debe, hakushtuka. Baada ya dakika chache akaanza kuwashwa viganjani na kwenye nyayo, mwili ukatoka vipele vikubwa, koo likabana, akaanguka. Watu wa Bungu walimbeba mpaka hospitali ya misheni huko milimani. Daktari, mzungu mmoja mzee, akamchoma sindano ya adrenalini pajani, na alipozinduka akamwambia mwili wake umeanza kuikataa sumu ya nyuki, na kwamba mtu anaweza kuumwa miaka ishirini bila shida halafu siku moja mwili ukageuka. Akamkataza kabisa kurina. Na akampa sindano moja iliyokwisha kutiwa dawa, ya kujichoma mwenyewe, ambayo mgeni wake alikuwa amemletea kutoka kwao. Alikuwa nayo hiyo moja tu.

Baba yako alirudi nayo nyumbani kama mtoto aliyepewa kiatu kipya. Nilikuwa nakanda unga. "Mama Zaina, njoo nikuonyeshe," akasema. "Daktari kasema na mke wangu lazima ajue."

"Mke wako ana unga mikononi."

"Ni dakika moja tu. Unaona hiki kifuniko cha kijivu..."

"Usiifungue-fungue hiyo sindano, utaiharibu! Ni moja. Lete hapa."

Nikanawa, nikaichukua, nikaifungia kabatini nyuma ya zile glasi. Yeye alitaka kutembea nayo mfukoni. Nikamwambia wewe unatoboa mifuko kila wiki, utaiangusha porini, na huko Handeni hakuna duka inakouzwa. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alicheka, akaniacha. Baba yako alikuwa na kosa moja kubwa: alinisikiliza.

Miezi ikapita. Mizinga aliipa mtu mwingine, akabaki na shamba. Siku ile alikwenda kwa shangazi yako Mwajuma kumsaidia kurekebisha paa. Shangazi yako ndiye dada yake wa pekee, mjane, na walipendana mpaka mimi nikawa na wivu, nasema ukweli. Akampikia ugali na kisamvu cha nazi. Alasiri baba yako akaanza kurudi, na njiani nyuki mmoja akamuuma nyuma ya sikio. Mmoja tu.

Aliingia ndani macho yameanza kuvimba, anajikuna viganja. "Mama Zaina, toa ile sindano." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

Nikamuuliza, "Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Kwa nyuki mmoja tutumie sindano? Tukiimaliza leo, kesho wakikuvamia kundi zima utachomwa nini? Kaa kwanza tuone."

Akakaa. Zaina, hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Mtu mzima aliyeelezwa na daktari, mwenye mwili wake, alikaa kwenye kiti kwa sababu mimi nimesema akae. Nikampa vidonge viwili vya kuzuia muwasho, vile tulivyonunua mkabala na stendi. Nikamletea maji. Akatapika, nami nikasema afadhali, inatoka. Nilikuwa najifurahisha. Nilikuwa namwona anavyohema, nilikuwa nasikia filimbi kifuani mwake, na bado kichwani nilikuwa nahesabu kwamba ile sindano ni moja.

Aliponishika mkono akashindwa kusema, ndipo nikafungua pindo la khanga. Ufunguo ukanidondoka. Nikafungua kabati, nikaangusha glasi moja, nikaitoa sindano kwenye kasha lake. Kifuniko cha kijivu niliking'oa, hilo nilikumbuka. Lakini upande wa pili una ncha nyeusi, na mimi niliona hiyo ncha ni kitufe cha kubonyeza. Nikaielekeza juu, nikaweka kidole gumba juu yake, nikaegemeza ule upande wa kijivu kwenye paja la baba yako, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Sindano ikatoka kwenye ncha nyeusi ikaingia kidoleni kwangu. Dawa yote ya baba yako ikaingia kwenye kidole changu gumba.

Moyo ulinienda mbio, mikono ikatetemeka, nikadhani ni woga. Nikaita jirani, tukamwinua baba yako, tukamsimamisha, tukamkokota kwenda barabarani kutafuta gari. Tulipofika kwenye mashine ya kusaga, miguu yake ikaishiwa nguvu. Alifia pale chini, kwenye pumba. Wewe ulikuwa madrasa.

Yaliyotokea baada ya hapo ndiyo mabaya zaidi.

Jioni ile ukoo ulikaa. Baba yako mkubwa alitazama ule uso uliovimba na ule mdomo, akasema ndugu yangu hakufa kifo cha kawaida. Ile habari ya Bungu waliijua, lakini walijua pia kwamba alishapona. Akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, leo marehemu alikula wapi?"

Kidole changu kilikuwa cheupe na cha baridi kama cha maiti. Nilikificha ndani ya khanga. Jirani alikuwa amekiona, nikamwambia nimejiunguza na sufuria. Nilijua kabisa kilichomuua mume wangu, nilikuwa nacho hapo kidoleni. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: aliumwa na nyuki, akaomba dawa, nikamnyima. Badala yake nikatazama mkeka, nikasema, "Kwa dada yake."

Hakuna neno la uongo hapo. Nimejitetea kwa hilo miaka yote. Niliulizwa, nikajibu, na nilichojibu kilikuwa kweli. Lakini nilijua kila mmoja pale atakielewaje, na nilitaka wakielewe hivyo, ili asiwepo wa kuniuliza kuhusu kabati.

Shangazi yako alikuja msibani, wanawake wakasogeza mkeka mbali naye. Alikatazwa kumwona kaka yake. Nyumba yake, ile ile ambayo paa lake lilitengenezwa siku ile, watu waliacha kupita hata njia yake. Baada ya arobaini akafunga virago akaenda Mashewa, kwenye kiwanja alichoachiwa na mumewe. Hakunijia kunigombeza. Alipita mbele ya nyumba hii na mzigo kichwani, akasema, "Kwaheri wifi, nitunzie mtoto." Nami nikaitikia, kama mtu mwema.

Na wewe nilikulea katika hilo. Unakumbuka ulipokuwa na miaka kumi, tulimwona sokoni Korogwe anauza ndizi? Ulijificha nyuma yangu ukaninong'oneza, "Mama, yule mchawi." Yeye alikuwa amesimama, amenyoosha mkono kukusalimu. Nikakushika, tukapita. Nimefanya mambo mengi ya aibu, Zaina, lakini lile la sokoni ndilo huniamsha.

Ulipofika miaka kumi na tano nyuki akakuuma shuleni. Wewe unakumbuka zahanati na ule mlango wa bluu. Mimi nakumbuka kwamba muuguzi wa pale hakuuliza nyuki wangapi. Alipoambiwa umetoka vipele na sauti imekauka, alikulaza chini, akavunja kichupa cha adrenalini, akakuchoma pajani, ndipo akaanza kuuliza jina lako. Ulipona mbele ya macho yangu muda wa kuchemsha chai. Muda huo huo niliompotezea baba yako kwenye kiti.

Kisha tukaenda milimani kwa daktari. Yule mzee alikuwa amesharudi kwao, tukamkuta yule dada wa Kisambaa aliyeshika nafasi yake. Alitupa sindano zako mbili za kwanza, kisha akatoa ya mfano isiyo na dawa akatufundisha. Alisema ishike kwa ngumi kama unavyoshika mchi, ncha nyeusi itazame chini, kidole kisikae mwisho wowote, wala juu wala chini. Alipotaja hilo la kidole, akasema wapo wanaojichoma gumba, nilitoka nje nikatapika. Ulidhani ni gari la milimani. Ulininunulia chungwa.

Ndiyo maana nakuandikia, ili usije ukajifunza kwa njia niliyojifunza mimi.

Hizo sindano zitoke koponi leo hii. Nimeshazitoa, nimeziweka kwenye kile kipochi cha kuning'inia kiunoni. Kikae mwilini mwako, siyo bwenini, siyo kwa matroni, siyo kwenye sanduku lenye kufuli. Uende nazo darasani, msikitini, kisimani, harusini. Nakujua, utaona aibu. Ulishaniambia hutaki kutembea na sindano kama mgonjwa. Baba yako naye alikuwa mgonjwa dakika hizo tu. Dakika nyingine zote alikuwa mtu mzima wa afya anayeezeka paa. Usiziache juani wala kwenye dirisha la basi, na usizitumbukize kwenye mtungi wa maji ukidhani baridi inazifaa. Mara kwa mara tazama kile kidirisha: dawa iwe safi kama maji. Ikiwa na rangi ya chai au machicha, au tarehe imepita, niandikie haraka tuombe nyingine misheni. Lakini siku ya siku ikikukuta na ile iliyopita tarehe peke yake, itumie hiyo hiyo huku watu wanakukimbiza hospitali.

Nyuki akikuuma, kwangua mwiba utoke, usipoteze muda kuubembeleza. Na ukianza kuona yale ya zahanati, vipele mwilini pamoja na koo kubana au sauti kubadilika au kuhema kwa shida au kutapika au kizunguzungu, usikae kwenye kiti chochote atakachokuwekea mtu yeyote. Usimsikilize atakayesema ngoja tuone. Hata akiwa mwalimu. Hata nikiwa mimi. Vidonge vile vya muwasho ni vya muwasho, havifungui koo la mtu.

Ng'oa kijivu, piga ncha nyeusi upande wa nje wa paja, katikati, juu ya gauni hapo hapo, usianze kuvua nguo. Sukuma mpaka isikike inagonga, ishikilie pale uhesabu mpaka kumi, taratibu, kisha toa usugue. Moyo utakwenda mbio na mikono itatetemeka. Usiogope, ni dawa inafanya kazi; najua inavyokuwa, nilishapewa mimi isiyonihusu. Kisha lala, miguu iinuliwe juu ya kitu. Ukiona kulala kunakubana pumzi, kaa umenyoosha miguu, lakini usisimame. Wakikuambia uende kwa miguu mpaka barabarani, kataa. Gari ndilo lije ulipo. Zikipita dakika tano mpaka kumi na tano na hujaona nafuu, au imerudi, choma ya pili. Ndiyo maana ni mbili.

Na ukipata nafuu usirudi bwenini ukasema yamekwisha. Nenda hospitali, ukae masaa watakayokuambia, kwa maana huwa inarudi wakati dawa imeshaisha nguvu. Waambie umechoma adrenalini, uwaonyeshe ile iliyotumika ndani ya kasha lake. Ukifika chuoni, kabla hujatandika kitanda, mfundishe msichana wa kitanda cha jirani. Mfundishe kwa mikono yake mwenyewe, mpaka akuonyeshe bila wewe kumsaidia. Akisema ana unga mikononi, msubiri anawe.

Sasa nimalizie la Mashewa.

Ulipopata nafasi ya chuo Korogwe nilifurahi siku moja, ya pili nikaanza kupima umbali. Utakuwa karibu na shangazi yako kuliko ulivyowahi kuwa. Siku moja ungekutana naye tena sokoni, na safari hii nisingekuwepo wa kukushika mkono. Mwezi uliopita nilikuambia nakwenda Korogwe kutafuta godoro lako. Nilikwenda Mashewa.

Nilimkuta anapalilia mihogo. Amezeeka, Zaina. Alisema, "Karibu wifi," kama niliyeondoka jana, akanipa kigoda. Hakunipa maji wala chai, na hilo si desturi yake, unajua watu wa huku walivyo na wageni. Nikasema nimekuja na maneno. Nikayasema yote, hivi nilivyokuandikia, kabati, nyuki mmoja, kidole. Sikulia, niliona sina haki ya kulia pale. Aliacha jembe.

Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo si kile kisamvu?"

Nikamwambia siyo.

"Nilikichuma mwenyewe," akasema. "Nikakitwanga mwenyewe. Miaka yote hii najiuliza nilichanganya jani gani. Nimekwenda mpaka kule nyuma ya nyumba kuangalia mmea mmoja mmoja. Watu waliposema mimi nimemlisha kaka yangu sumu, sikuwabishia, wifi, kwa sababu sikuwa na uhakika."

Akainama, akang'oa gugu, akalitupa pembeni.

"Tangu siku ile sijampikia mtu," akasema. "Mgeni akija namtuma akale kwa jirani. Msiba ukitokea nabeba maji, sishiki mwiko. Umenielewa? Sikuwaogopa ninyi. Nilijiogopa mwenyewe."

Mimi nilikwenda nikidhani nimempora jina zuri na majirani. Kumbe nilimpora mpaka mikono yake. Nikaanza kusema nisamehe, akaniinulia kiganja. "Hilo la kusamehe liache, sina leo, na sijui kama nitakuwa nalo. Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Basi umwambie wewe, kwa mdomo wako au kwa mkono wako. Nikimwambia mimi atadhani najitetea." Akachukua jembe lake. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Mwambie aje siku yake ya kwanza ya mapumziko. Nitapika. Akikataa kula, nitajua hukumwambia."

Baba yako mkubwa nitamwambia Ijumaa baada ya swala, nimeomba wale wale waliokaa siku ile wakae tena. Sijui watanifanyaje. Bibi yako nitamwambia kabla yao, kwa maana baba yako ni mwanawe, na ninaogopa hilo kuliko lote. Huenda ukirudi likizo ukakuta mimi ndiye ninayesogezewa mkeka. Usinipiganie. Na kama nawe hutataka kuniandikia, sitakulaumu, ila mwandikie hata shangazi yako mstari mmoja kwamba sindano ziko kiunoni, yeye atanifikishia au hatanifikishia, atakavyoona.

Mashewa utapata pikapu palepale sokoni Korogwe. Ulizia kwa Mwajuma mjane, wanamfahamu. Mpe shikamoo yako mapema, kabla hajanyoosha mkono. Mfundishe sindano, naye ajue, kwa maana bustani yake ina maua na nyuki hawakosekani. Kisha atakutengea chakula, na atasimama mlangoni kukutazama. Nawa mikono, mwanangu, ule mpaka umalize.

Mama yako